Kipupwe cha Njombe: paka kazaa ndani ya salfeti ya midoli yetu ya utotoni

Binti Uwemba

Kamwene wakuu,

Nipo nyumbani Njombe likizo. Kama hujawahi kuamka huku mwezi wa saba, usinisimulie baridi ya Dar. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda joto hushuka nyuzi sita hivi, hesabu fanya mwenyewe. Usiku wa kipupwe mbingu haina hata kiwingu, joto lote la mchana linapaa kwenda zake, alfajiri majani ya bondeni yameshika sakitu, ule umande ulioganda. Watu wa Makete mtanicheka, najua. Nyie mlishazoea.

Turudi kwenye kisa. Kwa mama yangu kila mnyama ana mipaka yake: mbwa nje, paka jikoni, kuku bandani. Ila ikishaingia Juni sheria zinalegea zenyewe. Mbwa wetu Bosi anaanza kwa kulala kwenye kizingiti cha jiko la nje, pua ndani, mwili nje. Siku zinavyokwenda anasogea kidogo kidogo kama jirani anayeiba mpaka wa shamba, mwisho unamkuta kajinyoosha pembeni ya mafiga, mama anamruka kufuata chumvi na kujifanya hajamwona. Paka anaitwa Shemeji. Jina alimpa baba, kwa sababu anaonekana saa ya kula tu.

Sasa Shemeji akapotea. Mama akasema kaliwa na mbwa wa mtaani, tukamsikitikia, maisha yakaendelea. Juzi nikatumwa darini juu ya jiko kushusha mahindi ya mbegu, yale yanayowekwa kule yapigwe moshi yasibunguliwe. Nikasikia vilio vyembamba. Nikamulika na simu: kule mwisho kabisa kuna salfeti kuukuu mdomo wazi, ndani Shemeji kajikunja na watoto wanne, macho bado yamefumba, wamelalia mwanasesere wangu wa matambara.

Wakuu, ile salfeti nilijua ilishachomwa moto miaka mingi iliyopita. Ndiyo ilikuwa ghala la vitu vya kuchezea vyangu na kaka zangu. Ilibidi nisubiri Shemeji ashuke kula ndipo nipekue, maana nilipotangulia kunyoosha mkono alitoa kucha zote. Nikachomoa vya pembeni tu. Mwanasesere nimemwacha palepale, sasa hivi ni godoro la watu.

Vilivyotoka: gololi ndani ya kopo la maziwa ya unga, pia ya mti isiyo na kamba, manati iliyokauka mpira, mpira wa miguu wa mifuko ya plastiki ya rambo uliofungwa kwa kamba za katani, na Fuso langu.

Fuso ni gari la waya, na kabla hamjauliza: ni langu, si la kaka. Nililiunda nikiwa darasa la tano. Fremu ni waya wa seng'enge, miba nimeng'oa mmoja mmoja, nikaunyoosha kwa kuugonga juu ya jiwe. Ekseli ni mbavu za mwavuli uliokufa, kwa sababu waya wa kawaida ukipakia udongo unapinda, wa mwavuli haupindi. Magurudumu nimekata kwenye kandambili, na nyuma yapo mawili mawili kila upande, maana lilikuwa gari la kubeba mbao na gari la mbao halina mchezo. Bodi ni kopo la mafuta ya kupikia lililopasuliwa na kugongwa likanyooka. Taa ni vizibo vya soda. Usukani umepandishwa juu kwa ufito wa mwanzi ili uendeshe ukiwa umesimama. Na steringi inakata kona bado! Nimezungusha, ekseli ya mbele ikageuka, kutu na yote.

Watoto wa kaka wakalizunguka. Mdogo akauliza, "Shangazi, betri inakaa wapi?" Nikamwonyesha miguu yake.

Tatizo ni Bosi. Linapopita linakwaruza sakafu ya saruji na yeye anabweka hadi sauti inakauka. Usiku watoto wameliacha pembeni ya jiko, asubuhi gurudumu moja la nyuma halipo. Nimetafuta hadi kwenye majivu. Gurudumu lenyewe ni la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maji.

Kwa hiyo naomba wajuzi: hao paka niwashushe au niwaache na moshi wao? Na Bosi kama kameza kandambili nifanyeje? Wengine wote, tupieni na nyie mlichokikuta darini kwa wazazi. Nawasilisha.

Siti ya Mbele

Nimewahi. Dada, bila picha ya hilo Fuso uzi haujakamilika.

Mama Viazi

Kamwene mwanangu. Huku Makete leo nimekuta maji ya kuku yamefanya ngozi ya barafu, na viazi vya bondeni majani yameungua meusi. Kwa hiyo ndiyo, tunakucheka.

Paka usimshushe. Amezaa watoto wake sehemu yenye joto kuliko zote nyumbani kwenu, na hakukosea. Ukimhamisha atawabeba shingoni mmoja mmoja usiku, atawapeleka sehemu usiyoijua, na safari hii utawakuta wamekufa. Cha kufanya ni moshi: pikeni kwa kuni zilizokauka, na mlango wa jiko usifungwe wote.

Mbwa sasa. Watu wanamtupia mbwa blanketi kuukuu bandani wanadhani wamemsaidia. Blanketi linakunywa unyevu, usiku linakuwa baridi kuliko sakafu. Mjengee kibanda kidogo kinachomtosha ajikunje tu, kikiwa kikubwa joto la mwili wake linapotea. Kiinue kutoka chini kwa mbao mbili tatu, mlango usitazame upande wa upepo wa kusi, ndani jaza majani makavu au maranda. Njombe mna maranda ya kumwaga, viwanda vya mbao kila kona.

Na la mwisho nalisema kila mwaka: jiko la mkaa lisilale chumbani na mtu. Wala na mbwa, wala na vifaranga. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, haina rangi, na hakuna anayeamka kusimulia.

Siti ya Mbele

Mama Viazi kaongea. Kule Uingereza wachimba makaa walikuwa wanashuka mgodini na ndege kwenye kizimba, ndege akilegea wanakimbia. Wameacha 1986 tu hapo, walipopata vipimo. Kwa hiyo ukiona paka anapepesuka chumbani kwenye jiko, fungua madirisha na utoke naye.

Daktari wa Ng'ombe (na mbwa pia)

Dada, kuhusu Bosi. Kipande laini cha ukubwa huo kwa mbwa wa kimo cha kawaida mara nyingi kinatoka na kinyesi. Mfuatilie siku mbili tatu, na kinyesi ukikague, hakuna namna. Akitapika na kurudia, akigoma kula, tumbo likawa gumu au akilia ukimgusa, usimpe chochote kwa mdomo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usimtapishe kwa chumvi. Hiyo dawa ya mtaani inaua yenyewe.

Kinachonitisha zaidi ni ule mpira wa rambo wenye kamba za katani. Paka na uzi, kamba au mpira wa kufungia hela ni hatari kuliko mifupa. Uzi unashika chini ya ulimi, ncha ya pili inakwenda na chakula, utumbo unajikunja juu ya uzi hadi unakatika. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, USIVUTE. Mlete hivyohivyo. Mpira huo uwe wa watoto wakiwa macho, baada ya hapo utundikwe.

Paka wachanga hawawezi kujipa joto wenyewe wiki za mwanzo, wanategemea mama na wenzao. Ukimkuta mmoja kajitenga na kapoa, mpashe kwanza kwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyoviringishwa kwenye kanga, ndipo arudi kunyonya. Mtoto aliyepoa akilishwa tumbo halifanyi kazi. Na maziwa ya ng'ombe hapana, yatamharisha.

Sasa nisikilizeni wote, maana kila kipupwe naletewa maiti: paka akipiga chafya msimpe Panadol. Nusu kidonge inaweza kumuua. Mwili wake hauna njia ya kuivunja dawa hiyo kama wetu. Fizi zinageuka bluu au kahawia, uso unavimba, anahangaika kupumua, kwisha. Mtu ananiambia "daktari nilimhurumia". Huruma ipi.

Mkinangop

Salamu kutoka Nyandarua, Kenya. Julai hapa kwetu ni kama mlivyosema, ukungu hadi saa nne, ng'ombe wanatoa moshi puani.

Gari letu sisi magurudumu yalikuwa vifuniko vya mkebe wa Kimbo, mafuta ya kupikia. Mwenye vifuniko vinne vinavyofanana ndiye alikuwa mheshimiwa kijijini. Mimi nilikuwa na viwili vya Kimbo na viwili vya rangi ya nyumba, gari likawa linachechemea. Mamangu bado ameweka kopo la bano zangu, gololi mnavyoziita, nilipata Krismasi nikienda kutafuta cheti cha kuzaliwa. Cheti sikukipata.

Paka wetu ndiye mpenzi wa hizo bano. Anaisukuma kwa mguu, inaingia chini ya kabati, anakaa hapo akingoja itoke yenyewe. Kuhusu mpira wa majuala, yaani hizo rambo zenu, weka huo vizuri. Kenya juala zilipigwa marufuku 28 Agosti 2017, nyinyi mkafuata. Mtoto wa leo akitaka kutengeneza huo mpira hana malighafi.

Binti Uwemba

Mkinangop umenigusa. Sisi marufuku ilianza 1 Juni 2019, na mwanzoni hata sikuwaza mpira. Watoto wa kaka wamejaribu kutengeneza wao kwa hii mifuko mipya ya kitambaa chepesi. Haukazi, haudundi, ukiloa unakuwa mzito balaa. Rambo ilikuwa inakaza kwa sababu ukiipitisha karibu na moto kidogo inanywea na kushikana. Harufu yake mnaikumbuka. Sisemi irudi, mifereji ilikuwa imeziba kila mahali. Nasema tu ule mpira wa darini hauna mwenzake tena.

Daktari nimekusikia, nimeutundika kwenye msumari. Panadol mama alikuwa ameshaitaja, nimemsomea ujumbe wako kwa sauti.

Mkorofi Mstaafu

Tusidanganyane jamani. Mnaongea utafikiri tulichagua. Tulitengeneza magari ya waya kwa sababu dukani kulikuwa na gari la plastiki na baba hakuwa na hela. Mimi nilichapwa kwa kukata seng'enge ya shamba la watu, alama ninayo. Nililitamani lile gari jekundu la dukani mpaka nikaliota. Leo nina hela, mwanangu ana magari ya rimoti, na sitaki anyooshe waya wenye kutu kwa jiwe apate pepopunda. Na mbwa wetu enzi hizo alikuwa analala mvuani, hakuna aliyemjengea kibanda wala kumhesabia pumzi. Zamani ilikuwa ngumu kwa mtu na kwa mnyama.

Mama Viazi

Mkorofi, pepopunda ina chanjo. Chuki na seng'enge ndiyo haina.

Binti Uwemba

Mkuu Mkorofi, nusu nakubali. Mwanasesere wangu wa kwanza alikuwa gunzi la mhindi, nywele zake ndevu za mhindi wenyewe, na panya walimla akiwa na jina na nguo. Nililia siku nzima. Ningepewa wa dukani ningemchukua bila kuuliza swali.

Lakini gari la waya silifananishi na la rimoti, hata ningekuwa tajiri. La rimoti likizimika unapeleka kwa fundi au unatupa. Hili mtoto anaona kwa macho yake kwa nini kona inakatika, kwa nini ekseli laini inapinda, kwa nini uzito ukikaa nyuma mno pua inanyanyuka. Jana yule mkubwa ameniuliza kama magurudumu ya kulia na kushoto yanazunguka sawa gari likikata kona. Nikamwambia tazama mwenyewe. Akamwaga majivu uani, akaendesha kwa duara, akapima alama kwa kamba, akakuta la nje limekwenda mbali zaidi. Kwenye gari la kweli kazi ya kuyaacha magurudumu yazunguke tofauti hivyo inafanywa na kile mafundi wa gereji wanachokiita difu. Yeye yuko darasa la nne.

Na kuhusu mbwa wa enzi zetu kulala mvuani, hapo huna mpinzani.

Komwe la Tanga

Sisi pwani kipupwe chetu ni kusi linavuma, mabaharia wanalalamika, na bibi anavaa sweta nyuzi ishirini na nne. Ila nina kisa.

Marehemu babu aliacha bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kete zake ni komwe halisi, mbegu ngumu za mkomwe, si mawe. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kulishika, tukaibia komwe tukazisugua sakafuni zipate moto tuchomane nazo mapajani. Mwaka huu nimelitoa kabatini, nikaliacha mezani, paka wangu akagundua kwamba komwe inateleza kwenye terazo kuliko kitu chochote duniani. Saa nane usiku unasikia krrrrr, tap. Krrrrr, tap. Sasa bao lina kete pungufu na wazee wa barazani wananiuliza nimefanya nini urithi wa watu.

Daktari, komwe ikimezwa?

Daktari wa Ng'ombe (na mbwa pia)

Paka mkubwa hawezi kirahisi, ataichezea tu. Mbwa anaweza, na ni ngumu na ya duara, inaziba utumbo vizuri sana. Gololi vilevile. Funika bao.

Bongo Minnesota

Ndugu zangu, nimesoma hapa nikiwa na kaptula kwa sababu huku Marekani sasa ni kiangazi, ila Januari nawatamani. Usiku inafika nyuzi 20 chini ya sifuri na kuzidi. Mbwa wangu nilimwokota kwenye kituo cha wanyama, ni wa manyoya mafupi. Anatoka na koti na viatu vinne, na hivyo viatu anavichukia, anatembea ameinua miguu utadhani kakanyaga tope. Sababu ya viatu si barafu tu. Barabarani wanamwaga chumvi iyeyushe barafu, inakata nyayo, na mbwa akirudi akajilamba inamchafua tumbo. Asiyetaka viatu lazima aoshwe miguu kwa maji ya vuguvugu kila akirudi. Na maji ya rejeta ya kuzuia kuganda yakidondoka gereji, futa haraka. Ni matamu, mbwa na paka wanayalamba, figo zinakufa. Hata huko mnatumia kwenye magari, angalieni.

La gari: shule zilifungwa kwa sababu ya theluji, binti yangu kachoka na kila kitu, nikachukua henga za waya za dobi. Nilikuwa sijashika koleo kwa kazi hiyo tangu Tabora. Vidole vilikumbuka vyenyewe! Magurudumu vifuniko vya chupa za maziwa. Tukaliendesha koridoni, mbwa analifukuza, jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Binti kalipeleka shuleni, mwalimu akauliza limenunuliwa wapi.

Siti ya Mbele

Na wenye magari ya kweli mnaosoma hapa: asubuhi ya baridi piga boneti mara mbili kabla hujawasha. Paka wanalala juu ya injini.

Binti Uwemba

Mrejesho wakuu. Gurudumu limetoka, sitaeleza zaidi, Bosi mzima. Kibanda cha maranda amejengewa, mlango tumeuelekeza kaskazini kama Mama Viazi alivyosema. Kaingia, kanusa, katoka, karudi jikoni. Kuku mmoja ndiye kahamia humo.

Watoto wa paka wamefumbua macho. Mmoja wa chungwa, mmoja mweusi tii, mmoja kijivu, mmoja rangi tatu. Wakifika wiki nane natafuta wenyewe, mama hataki paka watano.

Komwe la Tanga

Nataka jike. Yupi?

Daktari wa Ng'ombe (na mbwa pia)

Chukua wa rangi tatu, hao karibu wote ni jike. Wa chungwa wengi wao dume. Na kabla ya kumpa yeyote: akifika miezi mitatu chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Paka pia anakiambukiza, si mbwa peke yake. Na Bosi chanjo yake iko wapi, nyumba imejaa watoto? Mtoto akiumwa hata na mnyama wenu wenyewe, kidonda chini ya maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali. Msiweke tumbaku.

Binti Uwemba

Kadi ya Bosi imeisha muda Mei. Jumatatu nampeleka, ahsante kwa kuuliza. Wa rangi tatu ni wa Tanga basi, sijui utamsafirishaje. Wa chungwa kachukuliwa na rafiki wa mama wa kwaya. Kijivu tunabaki naye. Mweusi kila anayekuja anamtazama, anasema "huyo hapana", anaondoka. Mambo ya uchawi.

Mkorofi Mstaafu

Mweusi nachukua mimi, nipo Makambako. Nina panya stoo hawana adabu. Na mwanangu kasoma huu uzi wote begani kwangu, anataka kujua hiyo kandambili ya magurudumu ilikuwa namba ngapi.

Binti Uwemba

Namba tisa ya baba, mkuu. Ya mtoto ni nyembamba, haifai. Mwambie aanze kutafuta mwavuli.